Istilahi za Kukatika kwa Pumzi Usingizini kwa Wagonjwa wa Moyo: Uhakiki

1. Utangulizi

Wako watu wanaodhani kwamba kazi ya istilahi ni kutafuta neno la Kiswahili la kuwekwa mahali pa neno la kigeni, na kwamba neno likishapatikana kazi imekwisha. Katika uwanja wa tiba fikra hiyo ina hatari, kwa sababu istilahi moja inayobeba maana mbili yaweza kumpeleka mgonjwa kwenye tiba isiyokuwa yake. Makala haya yanahakiki maneno yanayotumika sasa kueleza maradhi ya kupumua usingizini kwa watu wenye ugonjwa wa moyo. Tumelichagua kundi hili la istilahi kwa sababu mbili. Kwanza, ni kundi dogo linaloweza kuchunguzwa lote kwa pamoja. Pili, ndani yake mna neno moja fupi, neno "kati", ambalo wafasiri wengi hulitumia bila kulipima, na ambalo linachanganya mambo ambayo tabibu hana ruhusa ya kuyachanganya.

Jambo lenyewe haliko mbali nasi. Uchunguzi wa wagonjwa 1,006 waliolazwa kwa ugonjwa huu wa moyo katika nchi tisa za Afrika, zikiwamo Kenya na Uganda, ulichapishwa mwaka 2012. Ulionyesha kwamba wastani wa umri wao ulikuwa miaka 52 tu, na kwamba sababu iliyoongoza ilikuwa shinikizo la damu. Hao ni watu wa makamo, wenye kazi za kufanya na watoto wa kusomesha. Mahali ambapo wagonjwa wa namna hii wamepimwa wakiwa usingizini, karibu nusu yao, na pengine zaidi, wameonekana kuwa na kasoro ya kupumua. Kadiri vipimo hivyo vinavyoenea ndivyo majibu yake yatakavyohitaji kuelezwa kwa Kiswahili, na ni afadhali maneno yakaguliwe sasa kuliko baada ya kuzoeleka.

2. Mambo yanayotajwa

Haifai kuhakiki jina kabla ya kukijua kinachoitwa. Kwa hiyo tueleze kwanza, kwa maneno ya kawaida, yanayotokea mwilini.

Moyo ni pampu. Katika ugonjwa tunaouzungumzia pampu hiyo haisimami. Hupiga mchana na usiku, ila damu inayoisukuma haitoshelezi mahitaji ya mwili, na maji hujikusanya miguuni na mapafuni. Usiku mgonjwa anapojilaza, mambo mawili yaweza kutokea.

La kwanza liko kooni. Maji yaliyoshuka miguuni mchana hupanda mgonjwa anapolala, na sehemu yake hufika shingoni. Misuli ya koo, ambayo kwa kila mtu hulegea usingizini, sasa inabanwa na uvimbe huo, na njia ya hewa huziba. Mgonjwa hajaacha kujitahidi: kifua na tumbo vinapanda na kushuka kwa nguvu, lakini hewa haipiti. Mwisho hushtuka, hukoroma kwa kishindo, hupata hewa, kisha hulala tena bila kujua kwamba aliamka.

La pili liko ubongoni. Maji yaliyo mapafuni huuchochea mwili upumue upesi kuliko inavyohitajika, na hewa ukaa hupungua mno katika damu. Ubongo wa mtu aliyelala huamua kupumua hasa kwa kuipima hewa hiyo. Unapoikuta imepungua kupita kiasi, hunyamaza, wala hautoi amri. Hapa koo liko wazi, lakini kifua na tumbo vimetulia tuli. Hewa ukaa ikijikusanya tena pumzi hurudi. Kwa kuwa damu inakwenda polepole, habari za mapafuni hufika ubongoni kwa kuchelewa. Pumzi huzidi kipimo, hewa ukaa hushuka tena, na mzunguko unaanza upya. Daktari John Cheyne wa Dublin aliieleza hali hiyo ya pumzi mwaka 1818, na William Stokes, wa mji huohuo, akaieleza tena mwaka 1854. Tangu hapo inaitwa kwa majina yao wawili.

Hewa ikikatika kwa sekunde 10 au zaidi, hilo huhesabiwa kuwa tukio moja. Pumzi ikipungua sana bila kukatika kabisa, na oksijeni ikashuka, hilo nalo huhesabiwa. Matukio yote yakigawanywa kwa saa za usingizi hupatikana kipimo cha ukali: kuanzia 5 hadi chini ya 15 kwa saa ni hali nafuu, kuanzia 15 hadi chini ya 30 ni hali ya wastani, na 30 au zaidi ni hali kali. Msomaji aikumbuke ngazi hii ya pili. Tutairudia.

3. Maneno ya moyo

Neno linalotumiwa zaidi kwa ugonjwa wenyewe ni "kushindwa kwa moyo", na wengine husema "moyo kushindwa kufanya kazi" au "moyo kufeli". Maneno haya yana kasoro moja. Aliyeshindwa mchezo, mchezo wake umekwisha. Aliyefeli mtihani hana nafasi ya pili katika mtihani ule. Mgonjwa anayeambiwa kwamba moyo wake umeshindwa kufanya kazi huelewa kwamba umesimama au u karibu kusimama, na jamaa zake huanza kuzungumza kwa sauti ya chini. Ilhali ukweli ni kwamba wengi, wakitumia dawa barabara, huishi miaka kadhaa na kufanya kazi zao. Kusimama kwa moyo ni jambo jingine, la dakika chache, na lina jina lake.

Wananchi wenyewe wana maneno yao: "moyo umetanuka", "moyo umejaa maji". Haya yana picha, na picha hiyo haiko mbali na ukweli, maana moyo wa wagonjwa wengi hutanuka kweli, na maji hujaa kweli, ingawa hujaa mapafuni na miguuni. Lakini yanataja dalili badala ya ugonjwa, na wako wagonjwa ambao moyo wao haukutanuka hata kidogo. Yatumike katika mazungumzo ya kumwelimisha mgonjwa. Katika orodha ya istilahi hayatoshi.

Sisi tunaona kwamba njia imekwisha kufunguliwa na lugha yenyewe. Tunasema upungufu wa damu, na katika kirefu cha UKIMWI tunasema Upungufu wa Kinga Mwilini, ingawa wapo wanaosema Ukosefu. Neno "upungufu" linaeleza kitu kilichobaki lakini kisichotosha, na ndiyo hali ya moyo huu. Kwa hiyo tunapendekeza "upungufu wa nguvu za moyo". Tuliwahi kulipima pia neno "udhaifu wa moyo". Tumeliacha kwa kuwa moyo katika Kiswahili ni makao ya ushujaa: mwenye moyo dhaifu ni mwoga, na aliyekufa moyo amekata tamaa tu, wala hahitaji tabibu.

4. Maneno ya pumzi

Hapa mkanganyiko ni mkubwa zaidi. Maneno "kukosa pumzi usiku" hutumiwa kwa mambo matatu yaliyo mbalimbali.

Kwanza, mgonjwa hushindwa kulala chali kwa sababu pumzi humbana, naye huongeza mito au hulala ameketi. Pili, hulala vizuri, kisha baada ya saa moja au mbili hugutuka akitweta, akaenda dirishani kutafuta hewa. Katika hali hizi mbili yu macho, anapumua, tena anapumua kwa nguvu. Anachokikosa ni nafuu ya pumzi. Hizo ni dalili kwamba maji yamezidi mapafuni, na yapasa atazamwe upesi. Tatu, pumzi hukatika kabisa akiwa amelala, naye hana habari. Anayejua ni mkewe au mumewe, au mtoto anayelala chumba kimoja naye.

Tabibu anapouliza, "Je, unakosa pumzi usiku?" mwenye hali ya kwanza na ya pili atajibu ndiyo. Mwenye hali ya tatu atajibu hapana, naye atakuwa amesema kweli. Swali limekosea mahali pa kupigia. Kama istilahi ingekuwa imetenganisha kubanwa na pumzi na kukatika kwa pumzi, muulizaji angejua kwamba swali la pili anaulizwa mtu wa pembeni. Jambo hili lina uzito zaidi kwa wagonjwa wa moyo, kwani wengi wao hawasinzii mchana kama wasinziavyo wagonjwa wengine wa maradhi haya. Ushahidi wa aliyelala karibu ndio unaobaki.

Wafasiri wengine wametohoa, wakasema "apnea ya kulala". Hatuna ugomvi na utohozi. Tumetohoa oksijeni na insulini, na hakuna anayelalamika. Lakini neno hili linaleta konsonanti mbili, p na n, ambazo Kiswahili hakiziunganishi, na msomaji wa kawaida hana budi kulitia irabu ili alitamke. Zaidi ya hayo, halimwambii chochote muuguzi wa zahanati. Asili yake ni Kigiriki, na maana yake ni kutokuwa na pumzi. Mgriki wa kale alisema jambo lake kwa lugha yake bila taabu. Hatuoni kwa nini sisi tulisemee katika lugha yake wakati pumzi tunayo katika yetu.

Wako pia waliotaka kulirudisha neno la zamani, "jinamizi". Ni neno zuri lenye historia ndefu. Lakini anayekabwa na jinamizi huota, huhisi uzito kifuani, na akiamka husimulia. Mwenye kukatika pumzi hana la kusimulia. Tena, neno hilo linabeba imani ambayo yaweza kumpeleka mgonjwa kwa mzinguaji kabla ya kumfikisha hospitali.

Tunapendekeza "mkatiko wa pumzi usingizini", kutokana na kitenzi "kukatika". Nomino hii hukubali wingi, "mikatiko", na wingi ni lazima hapa kwa kuwa matukio yanahesabiwa kwa saa. Kwa pumzi iliyopungua bila kukatika tunapendekeza "mfifio wa pumzi", wingi "mififio".

5. "Ya kati" ni ipi?

Sasa tufike kwenye neno lililotufanya tuandike. Aina mbili za mkatiko tulizozieleza, ile ya kooni na ile ya ubongoni, zina majina ya kitaalamu katika lugha za kigeni, na jina la aina ya pili linatokana na mfumo mkuu wa neva. Wafasiri wameitazama sifa hiyo, wakaona kwamba maana yake ni "katikati", wakaandika "apnea ya kati".

Kiswahili kina njia mbili za kueleza sifa hiyo. Tunaposema Serikali Kuu au Benki Kuu tunataja kilicho kitovu cha mamlaka. Tunaposema umri wa kati au kiwango cha kati tunataja kilicho baina ya ncha mbili. Jiografia imetuzoesha kuyachanganya haya, ndiyo maana tuna Afrika ya Kati na Mashariki ya Kati, moja ikiwa kitovu na nyingine ikiwa baina. Hakuna aliyeumia kwa hilo, maana ramani ipo.

Katika karatasi ya majibu ya kipimo hakuna ramani. Kumbuka ile ngazi ya pili ya ukali, yenye matukio kuanzia 15 hadi chini ya 30 kwa saa. Wengi huiita nayo "ya kati". Basi karatasi ikiandikwa "mgonjwa ana apnea ya kati", msomaji atajuaje? Je, ni mkatiko unaotoka ubongoni, wa ukali wowote? Au ni mkatiko wa aina yoyote, wenye ukali wa wastani? Na ikiwa ni vyote viwili, je, mwandishi ataandika "apnea ya kati ya kati"?

Huenda msomaji akaona kwamba huu ni mchezo wa maneno. Matokeo ya uchunguzi uliochapishwa mwaka 2015 yanaonyesha kwamba sivyo. Ulihusu wagonjwa 1,325 waliokuwa na upungufu wa nguvu za moyo, ambao moyo wao ulisukuma kwa kila pigo asilimia 45 au pungufu ya damu iliyomo katika chumba chake kikuu, na ambao mikatiko yao mingi ilikuwa ya ubongo. Nusu yao walipewa mashine inayoifuata pumzi ya mgonjwa na kubadili msukumo wa hewa kila pumzi inapofifia. Mashine ilifanya kazi yake, na mikatiko ikapungua sana. Lakini waliokufa kwa maradhi ya moyo na mishipa walikuwa asilimia 29.9 ya waliotumia mashine, na asilimia 24.0 ya wasioitumia. Uchunguzi mwingine wa watu 731, uliotumia mashine ya namna nyingine, ulichapishwa baadaye na haukuonyesha ongezeko la vifo, wala haukuonyesha kupungua kwake. Onyo la mwaka 2015 kwa wagonjwa wa aina ile limebaki.

Kwa upande mwingine, mwenye mkatiko wa koo ana tiba inayojulikana tangu mwaka 1981, wakati Colin Sullivan na wenzake huko Sydney walipoeleza mashine ya kusukuma hewa kwa nguvu isiyobadilika ili koo libaki wazi. Mashine hiyohiyo ilijaribiwa kwa wagonjwa 258 wenye upungufu wa nguvu za moyo na mikatiko ya ubongo, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2005 yalionyesha kwamba haikuwarefushia maisha kwa jumla. Kwa hao, hatua ya kwanza ni kuutibu moyo wenyewe.

Hivyo basi, aina ya mkatiko ndiyo inayoamua tiba, na ukali wake ni swali jingine. Neno moja kubeba yote mawili ni kosa ambalo halipaswi kuvumiliwa.

6. Maneno ya mashine

Kwa ufupi tu. Mashine hizi mara nyingi huitwa "mashine ya oksijeni". Si kweli: zinasukuma hewa ya kawaida ya chumbani, na anayezidhani ni za oksijeni atashangaa kuona hazina mtungi. "Mashine ya kupumulia" nalo limekwisha kuchukuliwa na ile ya chumba cha wagonjwa mahututi, ambayo hupumua badala ya mgonjwa. Tunapendekeza "mashine ya msukumo thabiti" kwa ile ya mwaka 1981, na "mashine ya msukumo fuatizi" kwa ile inayofuata pumzi.

7. Mapendekezo kwa pamoja

(a) Upungufu wa nguvu za moyo: hali ya moyo kupiga bila kutosheleza mahitaji ya mwili.
(b) Kubanwa na pumzi: kupumua kwa taabu, mgonjwa akiwa macho na akijua.
(c) Mkatiko wa pumzi usingizini: kusimama kwa hewa kwa sekunde 10 au zaidi.
(d) Mfifio wa pumzi: kupungua sana kwa pumzi bila kukatika.
(e) Mkatiko wa koo: mkatiko ambao njia ya hewa imeziba na kifua kinajitahidi.
(f) Mkatiko wa ubongo: mkatiko ambao amri ya kupumua haikutolewa na kifua kimetulia.
(g) Pumzi ya kujaa na kupwa: pumzi inayopanda hatua kwa hatua, ikashuka, ikakatika, kisha ikarudia, kila mzunguko ukichukua sekunde 40 au zaidi.
(h) Nafuu, wastani, kali: ngazi tatu za ukali. Neno "kati" lisitumike katika fani hii kabisa.

Istilahi ya (g) ndiyo ile yenye majina ya Cheyne na Stokes. Hatuna nia ya kuwanyima heshima yao, na majina yao yaweza kuendelea kuandikwa katika vitabu vya utabibu. Lakini aliyekulia pwani ameiona bahari ikijaa na kupwa maisha yake yote, na wa bara amejifunza hayo shuleni. Akiambiwa kwamba pumzi ya mgonjwa inajaa na kupwa, ataitambua atakapoiona kitandani.

8. Pingamizi

Tunatarajia pingamizi mbili. Ya kwanza ni kwamba "mkatiko wa ubongo" litamtisha mgonjwa, adhani ana maradhi ya akili au kiharusi. Pingamizi hii ina haki yake. Jibu letu ni kwamba jina linataja mahali amri ilipokosekana, wala halisemi kwamba ubongo ni mgonjwa. Ubongo umefanya hesabu kwa habari zilizochelewa, na mchelewesho umetoka moyoni. Maelezo hayo ni ya sentensi mbili, na tabibu anapaswa kuyatoa. Kati ya jina linalohitaji sentensi mbili za kutuliza hofu na jina linaloficha tofauti ya tiba, tumechagua la kwanza.

Ya pili ni kwamba wataalamu wa tiba wamezoea maneno ya kigeni, na kwamba baina yao hakuna mkanganyiko wowote. Huenda ni kweli baina yao. Lakini karatasi ya majibu husomwa na muuguzi wa wilayani, na mtoto wa mgonjwa aliyemaliza kidato cha nne, na mgonjwa mwenyewe. Hao hawakuhudhuria darasa lililowazoesha wataalamu.

9. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba istilahi za fani hii zina kasoro tatu: zinataja kikomo pale penye upungufu, zinachanganya kubanwa na pumzi na kukatika kwake, na zinatumia neno "kati" kwa aina na kwa ukali pia. Kati ya hizo, ya tatu ndiyo ya kurekebishwa kwanza, hata kama mapendekezo yetu mengine yatakataliwa yote.

Madaktari, wauguzi, walimu wa vyuo vya utabibu na wasomaji wengine wanaombwa watuletee maoni yao, hasa wale wanaozungumza na wagonjwa kila siku. Wakiwa na neno bora kuliko "mkatiko" au "mfifio", tutafurahi kulipokea, mradi linapita kipimo kimoja: mke wa mgonjwa akilisikia ajue usiku huo atazame nini, kifua kinachohangaika au kifua kilichotulia.